Kuirudishia miguu ya Morris Minor sura yake ya kiwandani

Mara ya kwanza nilipomaliza kupaka rangi miguu ya Morris ya ami yangu, nilimwita mzee mmoja, fundi aliyezishika gari hizi zikiwa bado mpya hapa mjini. Nilimwamkia, nikamwekea gunia la kupigia goti. Akainama, akachungulia chini ya madigadi ya mbele, akakaa kimya kidogo, kisha akacheka. "Mwanangu, umeivisha viatu vya harusi."

Alikuwa na haki. Kila chuma nilikuwa nimekipaka nyeusi inayong'aa kama kioo, kila nati nimeitia rangi ya fedha. Kiwandani haikuwa hivyo. Chuma kilichofuliwa kilitoka na sura ya kufuliwa, kilichomiminwa na chembechembe za kumiminwa, kilichokatwa kwa mashine na mistari ya mashine, na kilichochovywa kwenye pipa la rangi kilitoka na tone lililogandia upande wa chini. Kurudisha sura ya kiwandani ni kuzirudisha tofauti hizo. Kung'arisha ni kazi nyingine. Niliibandua rangi yote nikaanza upya, na haya ndiyo niliyoyashika safari ya pili.

Nitasema "miguu" nikikusudia vyote vinavyoibeba gari juu ya magurudumu: mikono, springi, shokapu, kingipini (mhimili wa wima ambao gurudumu la mbele linageukia) na ndugu zao.

Ijue gari kabla hujaigusa

Morris Minor ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, ikatengenezwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliyeibuni ni Alec Issigonis, yule yule aliyekuja kubuni Mini. Mbele haina springi za kuzunguka kama gari nyingi za leo. Ina fito mbili za chuma zilizolala chini ya gari kwa urefu wake, moja kila upande. Gurudumu likipanda, ufito unajisokota, kisha unajirudisha. Mafundi wanauita tosheni baa. Shokapu za mbele nazo si zile za mrija: ni kasha lenye mafuta, lina mkono unaopanda na kushuka, na mkono huo huo ndio unaoshika kingipini kwa juu. Nyuma kuna springi za mabamba, zimefungwa kwenye ekseli kwa yubolti, yaani bolti zenye umbo la U. Mpangilio ni mwepesi, na mtu mwenye jeki nzuri na subira anaweza kuufungua uani kwake.

Tafuta spana za inchi. Seti za milimita tulizozizoea kwenye gari za Kijapani zitakata pembe za nati, na nati ya asili ikishaharibika umepoteza nusu ya sura uliyokuwa unaitafuta.

Kwanza picha, halafu spana

Piga picha kila upande, kwa karibu na kwa mbali, kabla ya kumwaga hata tone la mafuta ya taa. Piga nati imekaa na washa gani, kotapini (kile kipini cha kukunja kinachoifungia nati) imekunjwa kuelekea wapi, mpira umetazama wapi. Gari ya ami ilikaa Jambiani, pwani ya Unguja, miaka mingi chini ya mwembe, ubavu mmoja umeelekea baharini, na pepo za kusi zilikuwa zinaupiga huo peke yake. Ubavu wa pili ulikuwa umebakiwa na rangi ya kiwandani chini ya grisi iliyoganda. Ule mzima ndio uliokuwa mwalimu wangu. Ukiwa na bahati hiyo, usifungue pande zote mbili kwa pamoja: acha mmoja umefungwa mpaka wa pili ukamilike, uwe na pa kutazama.

Kufungua bila kuumia

Hapa sina mzaha. Ule ufito umesokotwa na uzito wa gari, nao ukiachiwa ghafla, mkono wa chini wa gari, ule unaoshikana nao, unaweza kukuvunja mfupa.

Simamisha gari kwenye stendi imara chini ya chasisi, juu ya sakafu ya saruji. Mchanga wa uani haufai, stendi itazama. Toa gurudumu. Weka jeki chini ya mkono wa chini, ipandishe mpaka iubebe. Ukishahakikisha jeki imeshika ndipo ufungue kingipini pale inaposhikana na mkono wa shokapu kwa juu. Ivute pembeni, halafu shusha jeki polepole, kidogo kidogo, mpaka mkono wa chini uning'inie na ufito usiwe na nguvu tena. Kichwa chako kikae mbali muda wote.

Kabla ya kuuchomoa ufito kwenye meno yake, tia alama kwa rangi nyeupe mwisho wa mbele na mwisho wa nyuma, uujue ulivyokaa. Kwa rangi nasema, usitumie patasi wala ncha ya msumari. Ufito huu unafanya kazi kwa kujipinda maelfu ya mara, na kovu dogo juu ya ngozi yake ndipo ufa unapoanzia. Kwa sababu hiyo hiyo usiubane kwenye jiliwa, usiupitishie grenda, na usiuegemeze pale ambapo mtoto wa gereji ataurushia nyundo. Fito hizi zina kulia na kushoto: zimeshazoea kujisokotea upande mmoja, na haifai kuzibadilisha. Tranioni za chini, vile vishikio vinavyoshika kingipini kwa chini, nazo zina upande wake, kwa kuwa nyuzi zake za skrubu zinazunguka kinyume, ya kulia na ya kushoto. Mimi hutumia makopo mawili ya maziwa, moja nimeandika K, jingine SH, na kila nati inalala upande wake.

Kisome chuma kabla ya kukisugua

Mzee aliniambia jambo moja ambalo limenifaa kuliko vitabu: "Usikisugue. Kisome kwanza." Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, futa sehemu ndogo tu ya kila kipande. Tazama penye kivuli, yaani chini ya washa, nyuma ya mpira, pale vyuma viwili vilipogusana, ndani ya mkunjo wa mkono wa chini. Sura ya kwanza ya kiwandani hujificha huko.

Utakutana na mambo ya aina hii. Nyeusi nyembamba isiyong'aa sana, yenye tone lililoganda upande mmoja: hicho kilichovywa, na tone linakuonyesha kilitundikwaje. Kijivu cheusicheusi kinachoshika mafuta kama kitambaa: hiyo ni fosfeti, kinga ya zamani ya bolti na vyuma vidogo. Rangi ya fedha iliyofifia, pengine ina unjano: inaweza kuwa zinki, inaweza kuwa kadimiamu. Kadimiamu ni sumu. Bolti ya namna hiyo usiisage kwa grenda, usiichome moto, usiichovye kwenye asidi. Ifute kwa kitambaa na mafuta, basi, uirudishe ilivyo.

Ukiona doa la rangi lililopakwa ovyo, labda jeupe au la njano, usilicheke. Viwandani mkaguzi alikuwa akipitisha brashi juu ya kitu alichokikaza au kukipima. Lipige picha na ulipime kwa rula, utalirudisha mwishoni. Kama hukuliona, usilibuni. Nimeona gari zimepakwa madoa mengi mpaka zinafanana na kanga.

Namba na herufi zilizojitokeza kwenye chuma, na ule mshono ulioachwa na kalibu, ni sehemu ya sura. Usiusage mshono ukidhani ni kasoro.

Shika na sumaku. Kisiponaswa, hasa kasha la shokapu, hiyo ni aluminiamu, na inataka usafi wa namna nyingine kabisa.

Mafuta, halafu chumvi, halafu kutu

Mpangilio huu ndio tofauti ya kazi ya hapa na ya mtu anayeishi bara, mbali na maji.

Mafuta ni mepesi. Kwarua grisi kwa kijiti cha mti, loweka kwenye mafuta ya taa, sugua kwa brashi. Sehemu zenye rangi unayotaka kuihifadhi, sugua kwa makumbi ya nazi, yanatoa uchafu bila kuchuna. Mipira usiiloweke, mafuta ya taa yanaivimbisha. Maliza kwa maji ya moto na sabuni ya mche.

Chumvi ndiyo watu wanayoisahau. Chuma kilichokaa ufukweni kina vishimo, na ndani ya vishimo kuna chumvi isiyoonekana. Ukikisugua kikang'aa ukakipaka rangi juu yake, chumvi inavuta unyevu kupitia rangi na kutu inaanza tena kwa ndani. Miezi sita tu, rangi inavimba kama maandazi. Dawa yake ni maji matamu, mengi, mara nyingi. Mimi naloweka kipande kwenye ndoo ya maji ya mvua usiku kucha, namwaga, naweka mengine, siku tatu. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi: ukisuuzia hayo umejirudisha ulikotoka.

Na usikubali mtu akupulizie vyuma vyako kwa mchanga wa pwani. Anakupigilia chumvi ndani ya chuma, na kama mchanga ni wa aina ngumu, vumbi lake linaua mapafu.

Sasa kutu. Kwa chuma laini, kama mikono, vishikio, mabano na sahani za yubolti, njia niipendayo ni betri na magadi. Chukua ndoo ya plastiki, maji lita 20, magadi vijiko vitano vya chakula. Tundika kipande chako katikati kwa waya, kisiguse kitu, ukiunge na hasi ya chaja ya betri ya volti 12. Chanya iunge na kipande cha chuma chakavu kilichozama pembeni. Ukigeuza nyaya, kitakacholiwa ni kipande chako. Washa, acha usiku mzima. Kutu inalegea na kuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi, na chuma kizima hakiguswi. Fanya hivi nje, penye upepo, bila sigara, maana mapovu yale ni hidrojeni. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya, kinatoa sumu majini. Wala usitie chumvi ya jikoni ili kuongeza kasi, inatoa gesi ya klorini.

Tosheni baa na mabamba ya springi hayaingii kwenye ndoo hiyo, wala kwenye siki, wala kwenye asidi yoyote. Chuma kigumu cha springi kinafyonza hidrojeni, kikawa kama chaki: hakionyeshi chochote mezani, kinakatika barabarani. Kwa hivyo ni mkono, mafuta, na msasa laini unaokwenda kwa urefu wa chuma, usikwende kwa kukata. Aluminiamu nayo usiitie kwenye magadi, yanaila. Sabuni na brashi ya nailoni vinatosha.

Rangi za zamani huwa na risasi ndani yake, kwa hivyo msasa uwe wa maji, vumbi lisiruke, na watoto wasichezee tope lake.

Chuma kilichotoka majini hapa Unguja kinaota kutu nyembamba kabla hujamaliza kikombe cha chai. Kimwagie maji ya moto sana ili kijikaushe chenyewe, kianike juani, na kipake praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga, siku ile ile. Nikijua sitawahi, nakifuta kwa mafuta mepesi na kukifunga gazeti, kesho yake nakiosha kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi.

Uzima kabla ya urembo

Kabla ya rangi, pima. Tranioni ya chini ndiyo ugonjwa maarufu wa Morris Minor: ikikosa grisi nyuzi zake zinaliwa, na siku moja unapokata kona gurudumu linalala ubavu. Isafishe, iingize kwenye kingipini, itikise. Ikichezacheza, usiipake rangi, nunua mpya. Tazama ufito wote kwa kioo cha kukuzia na mwanga wa pembeni. Ukiona ufa au shimo refu la kutu, huo umekwisha. Mabamba ya springi fungua, tazama pale ncha ya bamba moja inapokaa juu ya jingine, huko huliwa. Mipira yote weka mipya, haina mjadala.

Shokapu ishike wima na uupandishe mkono wake na kuushusha. Uzito uwe mmoja mwanzo mpaka mwisho. Ikilegea katikati, ongeza mafuta ya shokapu za pikipiki, ipampu taratibu hewa itoke. Usitie mafuta ya breki, yanaua sili. Ikiendelea kulegea, au ikivuja penye mhimili, inataka fundi wake.

Rangi

Siku ya kupaka rangi chagua wewe, usiiache ikuchague. Miezi ya masika mimi sipaki kabisa. Miezi mingine naanza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, naacha saa tisa. Rangi ikishikwa na umande wa jioni inafifia, inakuwa na ukungu kama jicho la mzee.

Praima iwe nyembamba, mikono miwili. Praima nene inameza namba za kiwanda na zile chembechembe za kumiminwa, ukabaki na chuma kilichofutwa uso. Juu yake nyeusi. Nyeusi ya dukani inayong'aa peke yake imezidi, ile isiyong'aa peke yake imekufa. Nachanganya mbili hizo za kampuni moja, najaribu juu ya kifuniko cha kopo, nangojea ikauke, nachukua nje juani. Ninayoitafuta ina mng'ao wa kokwa ya ukwaju iliyokwisha kumungunywa ikakauka: si kioo, si mkaa.

Vipande ambavyo picha zako zinaonyesha vilichovywa, vichovye. Mimina rangi iliyotiwa tina kwenye kopo refu, kitumbukize, kitundike vile vile kilivyotundikwa kiwandani, na lile tone la chini liache ligande. Rafiki yangu mmoja alinihimiza nilifute, akidhani ni uvivu wangu. Mzee alipoliona safari hii alilipitishia kidole, hakusema kitu. Kwangu mimi ilikuwa sifa.

Tabu ni vile vyuma vilivyotoka kiwandani vitupu, bila rangi. Uingereza mtu anaweza kuvipaka lakari isiyo na rangi, akavifungia gereji kavu. Mimi nilijaribu hapa. Msimu mmoja wa kusi, kutu ikatambaa chini ya lakari kama nyuzi za buibui, na kuitoa ilikuwa kazi mara mbili ya kwanza. Sasa naiga chuma kwa rangi: fedha, nyeusi kidogo, na tone la kahawia, isiyong'aa. Kwa chuma cha kumiminwa iwe nzito na ya kijivu zaidi, kwa kilichokatwa na mashine iwe na fedha zaidi. Hatua mbili mbali, jicho linakubali. Anayetaka utupu wa kweli ajue atakuwa anapaka mafuta kila wiki.

Bolti za fosfeti zirudishie kwa dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, ila ziwe bolti za kawaida, si zile ngumu: zinageuka kijivu, unazisuuza, unazikausha, unazitia mafuta. Bolti za asili zilizo nzima zirudishe, kwani kichwani zina alama za watengenezaji wa wakati ule. Za kisasa zinajulikana kwa mbali.

Usipake rangi nyuzi, meno ya ufito, nipo za grisi, mipira, wala pale vyuma viwili vinapobanana. Rangi iliyobanwa chini ya nati inapondeka na nati inalegea. Funika kwa utepe wa karatasi, au paka grisi nyembamba, utaifuta baadaye. Ufito wenyewe, kinyume chake, upake vizuri sana na usiache hata kwaruzo moja wazi.

Kufunga

Ngojea rangi wiki nzima, hata kama inaonekana imekauka. Meno ya ufito yatie grisi, fuata alama zako nyeupe. Nati kubwa kaza kwa soketi iliyofungwa utepe ndani, isichune. Kotapini ziwe mpya, kila moja, hata kama ya zamani inaonekana nzima.

Bolti zinazopita kwenye mipira usizikaze mpaka mwisho gari ikiwa hewani. Ziache zimeshika tu, shusha gari juu ya magurudumu, isukumesukume ikae, ndipo uingie chini ukaze. Ukizikaza miguu inaning'inia, mpira utakaa umesokotwa maisha yake yote na utapasuka mapema. Baada ya hapo pima urefu wa gari kutoka sakafuni, kulia na kushoto. Ikiwa upande mmoja umelala, marekebisho yako kwenye mwisho wa nyuma wa ufito, na utalazimika kuuachia nguvu tena kwa jeki kama mwanzo.

Madoa ya mkaguzi, kama uliyaona, yapake sasa, gari ikiwa imefungwa. Brashi ndogo, mpigo mmoja, bila kurudia.

Endesha mpaka Bububu na kurudi, kaza yubolti tena. Tia grisi kwenye tranioni gurudumu likiwa limeinuliwa ili ipenye mpaka chini; mimi natia kila mwezi. Ukipita karibu na bahari, jioni ile ile suuza chini kwa maji matamu. Ile pete ya grisi itakayojitokeza kuzunguka tranioni usiifute, ndiyo inayoizuia chumvi isiingie kwenye nyuzi. Ukiionea haya, ifute siku ya kuipeleka gari ikatazamwe, kisha uirudishe kabla hujalala.